Kukagua Magurudumu

Baba aliporudi kutoka makumbusho ya reli nilimuuliza ameona nini, akanijibu, "Choo."

Nilidhani ananitania. Huyu ni mtu aliyeendesha treni tangu ndevu hazijamwota mpaka zikageuka mvi, na kichwa cha treni alichokiendesha, chenyewe kabisa, kimesimamishwa kule uwanjani kimepakwa rangi mpya, watu wanapiga nacho picha. Nilimsumbua muda mrefu aende akakione. Ameenda, amerudi, na alichokiona ni choo!

"Na kichwa chako je?"

"Kipo. Nilikipita." Akavua viatu taratibu. "Choo chao mlango wake mpana. Kiti cha mama yako kinaingia bila kugusa huku wala huku, na kizingiti hakuna. Ukutani kuna vishikio vya chuma, nimevishika nikaning'inia mwenyewe. Mama wa usafi akanikuta ninaning'inia, akaniuliza, mzee vipi? Nikamwambia napima uzito wa mke wangu."

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira yangu, ambayo siku zote iko puani, ikashuka yenyewe.

Mama alipatwa na kiharusi, upande wake wa kushoto ukalala, akawa wa kiti cha magurudumu. Mimi ndiye kitinda mimba na ndiye ninayeishi nao, kwa hiyo nilijua kumhudumia ni kazi yangu. Siku ya kwanza nilipotaka kumpeleka chooni alinishika kwa ule mkono mzima, akasema kwa maneno yake yanayotoka moja moja, "Nilikuosha mimi. Wewe hutaniosha." Tangu siku hiyo kazi ikawa ya Baba. Humnyanyua kwa kumkumbatia, kama watu wanaotaka kucheza muziki, wanaingia, mlango unafungwa, nami najifanya sijaona kitu.

Nyumbani halina tabu hilo. Tabu ni huko nje, ambako choo ni cha wanaume au cha wanawake, cha mume na mkewe hakuna. Kwenye harusi ya binamu yangu Baba alimfikisha Mama kwenye mlango wa choo, akakuta ngazi na upenyo wa kupita paka. Wanawake waliokuwa ndani wakampigia kelele, "Mzee, huku kwa wanawake!" Akaanza kuwaeleza. Haja haikusubiri amalize. Mama alirudi nyumbani koti la Baba likiwa limemfunika mapajani, na kesho yake akatangaza kwamba yeye na safari basi. Hakuvuka geti tena, hata dada yake alipozikwa. Waliojenga kile choo siwalaumu sana, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini nawalaumu kidogo.

Na kulikuwa na ahadi. Mama hakuwahi kukiona kile kichwa cha treni kwa karibu. Alikijua kwa filimbi tu. Baba akipita kwenye kivuko cha reli nyuma ya nyumba yetu aliipiga kwa namna yake, naye Mama akajua abandike maji ya kuoga. Alikiita mke mwenzangu. "Umelala kwa mke mwenzangu leo," alimwambia Baba akirudi ananuka moshi, na Baba alimjibu kila mara, "Nitakupeleka ukamwone." Akastaafu hajampeleka.

Jioni hiyo Baba alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamsifia Mama kile choo kama anayemposea mtu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kuna ndoano?" akauliza.

"Ya nini?"

"Ya mkoba wangu."

"Ipo nyuma ya mlango."

"Basi twende."

Baba alipotoka chumbani aliniambia, "Dereva hapeleki abiria kwenye njia isiyokaguliwa," akaenda kulala amefurahi.

Tulifika makumbusho tumependeza. Mama alivaa gauni lake la bluu, Baba kofia yake ya kazi. Ile kuingia tu, Mama akamvuta Baba mkono wa shati. Baba alijua. Alijua pia kwamba ufunguo wa kile choo unakaa kwa mwongozaji wa zamu, kwa hiyo ilibidi aombe, na watu walikuwa wamejaa pale.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Kwenye kichwa cha treni hakuna choo. Baba akibanwa alivumilia mpaka stesheni, akamwambia mchochea moto wake, "Nakwenda kukagua magurudumu," akapotelea nyuma ya tangi la maji. Neno hilo alikuja nalo nyumbani, sisi tukakua nalo. Nilipoanza shule nilimwomba mwalimu ruhusa nikakague magurudumu, akaniambia nikae chini niache upuuzi. Kilichofuata msiniulize.

Basi Baba, ambaye katika maisha yake yote hajataja haja ya mkewe mbele ya mtu, alivua kofia akamwambia yule mwongozaji, dada mmoja mcheshi, "Binti yangu, mke wangu anaomba kukagua magurudumu."

Dada akainama palepale, akabonyeza tairi la kiti cha Mama. "Upepo unatosha, mzee."

"Si hayo."

"Aaa! Ya treni!" Uso wake ukachangamka. "Karibuni sana! Wengi wanakimbilia filimbi, magurudumu hawayajali." Akashika kiti, akaanza kusukuma kuelekea kwenye treni, upande ambao sio kabisa, huku anaeleza kwamba makubwa ndiyo yanayovuta na madogo yanaongoza njia.

"Binti, subiri kidogo," Baba alikuwa anasema nyuma yake. "Binti, sikiliza."

Nilifungua mdomo nipige kelele, nikaikumbuka harusi, nikaufunga. Nikisema, nimemwaibisha. Nikinyamaza, anaaibika. Niliuona mkono mzima wa Mama umekunja gauni, ngumi imekaza, nikajua tukishindwa leo hatatoka nyumbani tena maisha yake yote.

Kisha ile ngumi ikafunguka, ikapiga kiti. Pa!

"Mwanangu," Mama akasema, na watu wakageuka. "Mficha uchi... hazai. Nataka choo."

Yule dada hakuomba radhi, hakupoteza muda. Aligeuza kiti mara moja mpaka mimi nikaruka pembeni, akakimbia nacho, funguo zinalia kiunoni, anapiga kelele, "Pisheni! Pisheni njia!" Watu wakapisha. Baba akakimbia nyuma, mtu aliyekuwa analalamikia magoti asubuhi ileile.

Mlango ukafunguliwa. Baba akapokea kiti. Dada akamtazama Baba, akamtazama Mama, nami nikasubiri lile neno, huku kwa wanawake, nikiwa nimeshaandaa matusi yangu.

"Komeo liko kwa ndani, mzee," akasema. "Msiharakishe." Akawavutia mlango mwenyewe, akauegemea kwa mgongo ili mtu asigonge.

Nilikaa kwenye benchi la nje. Sikuwa na hakika kama wamewahi. Kulikuwa kimya, halafu nikasikia maji, halafu kimya tena. Halafu Mama akacheka.

Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu augue. Nilidhani kilikwenda na upande wa kushoto. Nililia pale kwenye benchi mchana kweupe, na yule dada akanipa karatasi ya chooni nijifute, ndiyo iliyokuwa karibu.

Walitoka wananukia sabuni. Gauni la bluu lilikuwa kavu.

"Mlikuwa mnacheka nini?" nikauliza.

"Hayakuhusu," Mama akasema. "Haya. Nipelekeni kwa mke mwenzangu."

Tukampeleka. Alikitazama kile kichwa cha treni kuanzia magurudumu mpaka bomba la moshi, bila haraka, midomo ameibana. Akanyoosha mkono akakigusa.

"Mnene," akasema.

Baba akaigeuza kofia mikononi.

"Anang'aa."

"Wamempaka rangi tu, mama watoto."

"Choo anacho?"

"Hana."

Mama akatikisa kichwa pole pole, akampa Baba ule mkono aushike. "Ndiyo maana... ulikuwa unarudi kwangu."

Baba alicheka mpaka akajifuta macho kwa kofia. Mimi nilikuwa nimeshamaliza karatasi yote.

Tulipokuwa tunatoka, karibu na geti, Mama akamvuta tena mkono wa shati. Nikashtuka, nikageuka kumtafuta yule dada mwenye funguo.

"Sitaki choo," Mama akasema. "Nataka kwenda kwa dada yangu. Nikamwone alipolala."

Baba aliinama, akamrekebishia mkoba mapajani.

"Kesho nitatangulia mimi," akasema. "Nikague njia."