Punje za Njano

Wakana alimenya hindi la kwanza asubuhi, umande ukiwa haujakauka kwenye majani ya biringanya, na mikono ikamganda. Katikati ya punje nyeupe kulikuwa na punje za njano, zimetawanyika kana kwamba mtu alizipachika kwa makusudi.

Mahindi ya Bibi Tomie hayakuwahi kuwa na njano. Yalikuwa meupe pe, yenye kunata mdomoni kama mochi, ile keki ya mchele, na mbegu yake haikuuzwa duka lolote bondeni. Bibi alikuja nayo alipoolewa, imefungwa kwenye kitambaa, akaipanda kila mwaka. Mwaka jana kimbunga kiliyalaza mahindi yote, zikabaki konzi mbili tu za mbegu. Konzi hizo mbili Wakana alizitia ardhini mwenyewe, kwa sababu Bibi alikuwa hospitali akitengenezwa nyonga. Kama mbegu imeharibika, ndiyo imekwisha.

Hakwenda ndani kumwambia Bibi, ambaye sasa alikuwa amerudi nyumbani. Alivunja mahindi mengine matano, kila moja kutoka mstari wake, akayapanga kwenye ukingo wa baraza kama mistari ilivyokuwa shambani. Kisha akachuchumaa kuyatazama. Hindi la mstari wa nyuma, karibu na ghala, lilikuwa na punje moja tu ya njano. La kati lilikuwa nazo kiasi. La mbele kabisa, upande wa ua wa jirani, lilijaa njano kama uso wenye madoa.

Zilikuwa zimetoka upande ule, basi. Hofu ilikuwepo bado, lakini sasa ilichanganyika na hamu ya kujua.

Wakana hakuwa mtu wa kubisha milango ya watu. Alichuma biringanya sita na matango mawili ili mikono iwe na cha kushika, akazunguka ua.

"Hodi," alisema, kwa sauti ambayo hata paka asingeisikia.

"Sema kwa nguvu, mwanangu, hapa hatuli watu!" Mama Iwabuchi alikuwa ameketi jikoni mlango wazi, taulo shingoni, sahani ya mahindi ya njano mbele yake. "Karibu. Biringanya tena? Kwani nyumbani kwenu hamli? Haya, lete. Na wewe onja hili uniambie kama nimezeeka ulimi."

Wakana aling'ata. Punje chache zilikuwa tamu sana, nyingine ngumu, hazina ladha.

"Kama kutafuna mshumaa, sivyo?" Mama Iwabuchi aliligonga hindi mezani. "Mahindi matamu, eti! Nimemtukana mwenye duka la mbegu tangu jana. Nimemwambia arudi shule."

Wakana alilitazama hindi, kisha ua, kisha mbelewele zilizokauka upande huu na upande ule. Masikio yakamwaka moto.

"Mama Iwabuchi, si mwenye duka. Ni mimi."

"Wewe umefanyaje?"

"Yametiana chavua. Yenu yameingia kwetu, yetu yameingia kwenu. Yalichanua siku moja."

"Hayawezi kuchanua siku moja. Ulipanda lini?"

"Mwisho wa Aprili. Nilitandaza plastiki nyeusi, nikafunika juu, kama tulivyofundishwa chuoni. Nilitaka Bibi akitoka hospitali asisubiri."

Mama Iwabuchi alijifuta uso kwa taulo, polepole.

"Bibi yako hupanda lini?"

"Mvua za Juni zikianza. Nilidhani ni mazoea tu."

"Mazoea!" Alicheka mpaka akakohoa. "Mwaka niliohamia hapa yalichanganyikana hivihivi. Tukanuniana mpaka theluji. Mwaka wa pili mimi nikapanda mapema, mwezi Aprili, wakati maua ya cheri yanapukutika, yeye akangoja mvua. Nikaona, nikanyamaza. Miaka thelathini na moja, mwanangu, hatujawahi kuliongea jambo hili. Twende."

"Wapi?"

"Kwa bibi yako. Au unataka nikuache umwambie peke yako, na hiyo sauti yako?"

Bibi Tomie alikuwa barazani tayari, fimbo magotini, mahindi sita mbele yake. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Wakana alieleza hata hivyo, yote, mpaka plastiki, akainamisha kichwa mpaka nywele zikagusa mkeka.

"Inuka, utapata kizunguzungu," alisema Bibi. Akachukua hindi la mstari wa nyuma, akaling'oa ile punje moja ya njano kwa ukucha, akaitupa uani. "Punje iliyoingiliwa haijui kujificha. Iliyobaki nyeupe ni yetu."

"Kweli, Bibi? Kwa hiyo mbegu haijaisha?"

"Chuoni mlifundishwa nini, kutandaza plastiki tu?" Akalirudisha hindi mahali pake. "Mistari miwili ya nyuma isiguswe. Ikaukie shambani. Halafu utaketi utoe punje moja moja, na macho yako mazuri."

"Na yangu je?" alidai Mama Iwabuchi. "Yangu hayana rangi ya kuyachagua. Nile mshumaa mpaka Septemba?"

"Yasage utie kwenye supu. Ningekwambia hivyo mwaka ule, kama usingeninunia."

"Mimi? Wewe ndiye uliyeninunia, Tomie!"

Walitazamana, kisha wote wawili wakamgeukia Wakana, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwepo mwaka ule kushuhudia.

"Mwakani je, mkulima?" aliuliza Bibi.

"Mama Iwabuchi atatangulia," alisema Wakana, safari hii kwa sauti ambayo ingefika hadi jikoni kwa jirani. "Mimi nitangoja mvua. Na tutaambiana tarehe."

"Loo, tutaambiana!" Mama Iwabuchi alipiga makofi.

Bibi alimkabidhi Wakana kibunda cha uzi mwekundu. "Nenda kafunge mabua ya nyuma, iwe alama ya mbegu, mtu asije akayachuma. Usiruke hata moja."

Wakana alikwenda. Alifunga bua la kwanza, akatenganisha maganda kidogo kwenye ncha ya hindi, akachungulia ndani: punje nyeupe pe.