Abiria wa Kitanda Namba Nne

Kazini walimwita Pasi, kwa sababu shuka alilolitandika yeye ungeapa limepigwa pasi likiwa hapohapo kitandani. Miaka kumi na tisa alikuwa mhudumu wa vyumba katika nyumba ya wageni, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumtandikia yeye. Sasa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda namba nne, behewa la daraja la kwanza, begi amelikumbatia, anaogopa hata kuegemea.

"Ufike umelala, dada," mdogo wake wa kiume alimwambia kwenye simu baada ya kumkatia tiketi. "Kesho tunakutaka ukiwa na akili zako zote."

Mama yao alikuwa amelazwa, ana uvimbe tumboni. Daktari wa upasuaji, anayefika mji wao wa nyumbani siku moja tu kwa mwezi, alikuwa amempangia saa tatu asubuhi, na mama amegoma kutia sahihi. Hatii, anasema, mpaka amwone kifungua mimba wake kwa macho. Wamembembeleza, wamemnunia, mdogo wa kike amelia mpaka sauti imekauka. Mama ndiyo kwanza amegeukia ukutani. Daktari akiondoka jioni basi ni mpaka mwezi ujao, na mwezi ujao, alisema mwenyewe bila kupepesa macho, huenda mgonjwa asiufikie.

Treni ilitakiwa kufika kituo chao saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Kituo chenyewe kidogo, na treni ile ya masafa husimama pale ikiwa tu kuna mtu wa kushuka. Mhudumu wa behewa ndiye mwenye orodha. Yeye humwambia mkuu wa treni, na mkuu humwambia dereva. Pasi alielezwa hayo na mhudumu mwenyewe, mzee mwenye masharubu ya mvi, alipokuja kukagua tiketi.

"Utagongewa nusu saa kabla," alisema. "Lala usingizi wa pono."

"Ukinisahau je?"

"Sijawahi kusahau mtu."

"Na ukipitiwa na usingizi?"

"Mimi saa sita nashuka, mama. Anapokea zamu mwenzangu. Orodha namwachia."

Hapo roho ikamruka. Mwenzake! Mwenzake nani? Ni mtu wa kuaminika, au ni wale wa kuchapa usingizi kazini? Alitaka kuuliza, lakini mzee alishafunga mlango.

"Mdogo wangu, mbona umekaa kama umeitwa polisi?" alisema mwanamke wa kitanda namba tatu, muuza vitambaa, mwili mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. "Umelipiwa hapa! Vua viatu, nyoosha miguu, koroma!"

Mwenyewe akatangulia kuutekeleza ushauri wake. Dakika tano hazikupita, chumba kizima kikawa kinanguruma kuliko injini.

Pasi alijilaza na nguo zake, akajifunika, akajigeuza huku na huku. Hakupata hata lepe. Kila treni ilipopunguza mwendo alishtuka akatazama saa: saa saba, saa saba na robo, saa saba na dakika ishirini. Alipanga maneno ya kumwambia mama. Aanze kwa upole, asije akamkorofisha. Au amtishe kidogo? Hapana, mama hatishiki. Aliyapanga, akayapangua.

Saa kumi na nusu akaona heri ainuke. Na hapa, jamani, ndipo alipojichongea mwenyewe. Mtu mwingine angeacha shuka limeviringana na mto umebondeka, akaenda zake. Yeye akili ilikuwa hospitalini, mikono ikaachwa ifanye ilichozoea. Ikavuta shuka likakaza kama ngoma. Ikachomeka pembe nne. Ikakunja blanketi miguuni, ikaweka taulo juu yake, pembe kwa pembe, tayari kwa mgeni mpya. Hakujua hata kwamba amefanya kazi. Akabeba begi, akaenda bafuni mwisho wa behewa kunawa uso.

Yule wa zamu ya pili naye hakuwa mvivu, tusimsingizie. Saa kumi na dakika hamsini kamili aligonga, akafungua taratibu, akamulika tochi. Kitanda cha tatu, mlima unakoroma. Kitanda cha nne, hakuna begi, hakuna viatu, na shuka halina hata mkunjo. Hakuna abiria duniani anayeacha kitanda hivyo. Akaona wazi kwamba huyu hakupanda kabisa, mzee alisahau tu kumkata. Akamkata kwenye orodha, akaenda kumwarifu mkuu wa treni kwamba pale hashuki mtu.

Pasi, hana hili wala lile, alitoka bafuni akasimama mlangoni pa behewa, begi begani. Alijipa moyo: kama hawajanigongea, si kitu, mimi niko macho. Saa kumi na moja na robo akaanza kuona taa za mji. Treni haikupunguza mwendo. Itapunguza, alijiambia. Taa zikakaribia. Itapunguza sasa hivi. Jukwaa la kituo likaingia dirishani, na juu yake, peke yake chini ya taa, mdogo wake ameinua mkono. Treni ikampita. Pasi alimwona akiushusha ule mkono.

Kando ya mlango palikuwa na mpini mwekundu wa breki ya dharura, na maandishi ya kuonya atakayeuvuta ovyo. Kazi ya Pasi ilikuwa kuingia vyumba vya watu na kutoka bila kuacha dalili; mgeni akirudi ghafla, anaomba radhi na kurudi kinyumenyume. Aliushika mpini kwa mikono miwili, akavuta.

Loo! Magurudumu yalipiga yowe, mabegi yakaporomoka, watu wakapiga kelele vyumba vyote. Treni iliposimama, mkuu wa treni na yule mhudumu walikuja mbio na tochi.

"Nani amevuta?"

"Mimi," alisema Pasi, mpini bado ameushika.

"Wewe nani?" mhudumu alimaka. "Kitanda cha nne hakikulaliwa! Nimekiona kwa macho yangu!"

"Nilikitandika."

"Umetandika? Abiria? Ulitumwa na nani?"

Pasi akatoa tiketi. Mkuu wa treni akaisoma mara mbili, akasema lazima aende naye mpaka kituo kikubwa kinachofuata, akaandike maelezo.

"Mtakuja kuniandika hospitalini," Pasi alisema. "Mama yangu ananingoja. Fungua mlango huu."

"Mfungulie, mwanamume wewe!" muuza vitambaa alinguruma kutoka kwenye ujia, amejitanda blanketi. "Au unataka nifungue mdomo wangu?"

Mlango ulifunguliwa. Pasi alishuka kwenye kokoto, akakimbia kando ya reli, na mdogo wake akaja mbio kumpokea.

Saa kumi na mbili na nusu alikuwa pembeni ya kitanda cha mama. Mama aliwatoa nje wale wadogo wawili. Pasi akavuta pumzi aanze yale maneno aliyoyapanga usiku kucha.

"Usinihubirie," mama alimkatiza. "Najua lazima nipasuliwe. Ila wale wananijua mimi simba, siwezi kuwaambia. Wewe nilikuzaa nikiwa binti mdogo, tulikua pamoja, mimi na wewe. Naogopa, mwanangu. Naogopa vibaya sana."

Pasi akamshika mkono.

"Hata mimi naogopa, mama," alisema, na machozi yakamshuka. "Tangu jana naogopa. Sijalala kabisa."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Mama akashusha pumzi. Akaomba kalamu, akatia sahihi kwa mkono wa kulia, na wa kushoto hakuuachia mkono wa binti yake mpaka walipokuja kumchukua.