Mayai Mekundu kwenye Barza ya Papa Emile

Mchana wa Pasaka, kule Wamaza, niliona kinyaa ambacho hakijanitoka. Wanaume tisa walijazana kwenye barza, mbele ya nyumba ya Papa Emile, katekista, wakibugia mayai mekundu. Kiini kiliwaganda kwenye ndevu, wakacheua bila aibu. Wanawake walikaa chini kwenye mkeka wakiwamenyea, na hakuna hata mmoja aliyelamba kidole.

Kati yao alikuwa dada yangu Falonne, aliyeolewa na mtoto wa Emile, mwenye mimba ya miezi saba. Miguu ilikuwa imevimba, ndani ya kope kumepauka. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilimpeleka hospitali ya Kabambare kwa pikipiki. Muuguzi akasema damu imepungua, ale mayai kila siku. Emile akakataa: "Kwa nyumba yangu, mwanamuke mwenye mimba hagusi yai. Mutoto atazaliwa kipara."

Siku hiyo ya Pasaka akaniita, mdomo umejaa. "Wee kijana unasoma vitabu. Ambia watu sababu gani Pasaka iko na mayai."

Nikasimama. Nikawaambia kwamba, inasemekana, Wakristo wa kale wa Mesopotamia waliyapaka mayai rangi nyekundu kukumbuka damu ya Yesu. Halafu kule Ulaya Kanisa likakataza mayai Kwaresima nzima. "Lakini kuku hajui Kwaresima, akaendelea kutaga. Watu wakayachemsha, wakayaweka. Pasaka ilipofika, wote wakala."

"Wote?" Falonne akauliza. "Na wanawake?"

"Na wanawake. Mfungo wao ulikuwa na mwisho."

"Hao ni Wazungu!" Emile akatema kipande cha ganda. "Hapa kwetu mutoto atazaliwa kipara!"

Nikakitazama kichwa chake, kinavyong'aa juani. "Basi, Papa, mama yako alikula mangapi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Emile akainuka, akaniita mbwa, akanionyesha njia. Sikutoka. Falonne alikuwa ameshauma yai.

Akatafuna mara mbili, akakunja uso. Hata nyumbani kwetu aliambiwa tangu utotoni kwamba yai ni uchafu kwa msichana, na mimi nilikuwa nikila fungu lake. Sasa koo lilikataa. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, mate yakipita kati ya vidole.

"Tema!" Emile akapiga kelele. "Tema!"

Nilijua akitema hapo, hatagusa yai tena mpaka siku ya uchungu, na damu yake iliyopungua haitamtosha.

Mama Anastasie, mke wa Emile, akasogea taratibu. Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa chumvi, akainyunyizia nusu iliyobaki.

"Bila chumvi inachefua, mwanangu. Kula na hii, itashuka."

Falonne akala. Ikashuka.

Emile akamgeukia mkewe. "Weye umejua namna gani?"

Mama Anastasie alikuwa ameanza kumenya lingine. "Miaka makumi tatu," akasema, "unasema ni nyoka anakula mayai ya kuku yako."

Akampa Falonne la pili.