Jina la Gaudensi Kitabuni

Gaudensi alivaa koti lake la Krismasi siku ya kazi, akamwambia mkewe naye atoe kanga ya maana sandukuni. Kisa? Kitabu. Tena kitabu cha magari! Kristiana alikuwa na ulezi wa kutwanga, lakini alivaa. Mume akishangoja kitu miaka ishirini na miwili, humwachi aende kukipokea peke yake.

Habari ililetwa na dereva wa lori. Hamidi, mwenye duka na malori mjini Sumbawanga, alikuwa amepata kifurushi kutoka Ulaya, kimeandikwa jina la marehemu baba yake, Yunusu. Ndani mlikuwa na kitabu kinene cha historia ya magari ya Halden, yale magari ya wenye nazo, ambayo hata Bwana DC aliyaona kwenye picha tu. Na humo limo lile gari lililopita Ufipa mwaka 1929, na yumo mhunzi aliyelitengenezea chuma.

Mhunzi ndiye Gaudensi. Gari la Mzungu mmoja aliyekuwa safarini kwenda Kairo lilitokea upande wa Kasesya, mpakani, na lilipokaribia mjini chuma kinachoshika springi ya nyuma kikakatika, likakokotwa na ng'ombe mpaka uani kwa Yunusu. Kipuri kutoka Ulaya kingechukua miezi mitatu. Gaudensi akajaribu kufua majembe mawili ya zamani yawe kipuri, yakapasuka. Basi akasema atawasha tanuri refu la udongo, lile la babu zake, ayeyushe mawe ya chuma mwenyewe. Siku hizo watu walishahamia majembe ya dukani, na matanuri mengi yalikuwa yameota nyasi. Akaenda kukaa porini, nyuma ya Izia, yeye na wenzake.

Masharti ya kazi hiyo kila Mfipa anayajua. Tanuri likiwa linawaka, mwenyewe harudi nyumbani, hamgusi mkewe, na mtu atokaye nyumbani kwake halisogelei. Chuma kikishatoka, basi, masharti yamekwisha, anaoga anakwenda zake kwa mkewe.

Ndipo Luciana, mtoto wao wa pekee, wa miaka mitano, alipopatwa na homa. Kristiana akamtuma kaka yake, Flavian. Flavian akasimama mbali kama inavyotakiwa, akauona moshi, akapaza sauti kwamba mtoto amezidiwa. Gaudensi akamjibu kwa sauti vilevile kwamba tanuri bado linawaka. Flavian akarudi na jibu hilo. Luciana akafa Alhamisi alfajiri, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, wakamzika jioni baba yake hayupo.

Kristiana aliuchukia ule moto, lakini mume hakumchukia. Utamchukiaje mtu aliyefungwa na masharti ya wazee wake? Majirani pale Milanzi walimsema Gaudensi mpaka wakachoka, na aliyemtetea ni huyohuyo mama aliyefiwa. Si yeye, aliwaambia, ni tanuri. Mtoto mwingine hawakujaliwa. Aliishi naye kwa neno hilo moja, na kusema kweli aliishi naye vizuri. Jioni Gaudensi akianza hadithi ya chuma chake, eti Mzungu aliapa atakiandika, yeye humwacha aseme, maana hana kingine.

Hamidi aliwapokea mlangoni mwa duka. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia pamoja.

Akawatolea viti na chai. Alikuwa amesoma Tabora, Kiingereza anakimudu, na mambo ya mwaka ule hakuyajua; alikuwa mtoto mdogo. Akawaonyesha kwanza picha ya gari, kubwa, linang'aa. Gaudensi akaigusa kwa kidole.

"Soma," alisema. "Soma polepole, mama yako asikie kila neno." Kwa Mungu, ndivyo alivyosema, mwenyewe kwa mdomo wake.

Hamidi akatafuta ukurasa, akawa anasoma kimoyomoyo kisha anatoa kwa Kiswahili. Yalikuwa maneno ya yule mwenye gari, aliyekuwa akiandika safari yake siku kwa siku.

"'Jumamosi, tarehe kumi Agosti, tanuri lilizimwa na chuma kikatoka. Tangu hapo mhunzi Gaudensi hajatoka kwenye kibanda chake cha kufulia chuma, palepale porini. Jumanne alikuja mtu, akasimama mbali, akamwita. Mkalimani akaniambia mtoto wake anaumwa sana. Nikamwambia aende, gari litangoja. Akakataa. Alisema kazi kama hii mtu haipati mara mbili. Tangu nizaliwe sijaona fundi anayeipenda kazi yake namna hii. Naongeza baadaye: chuma chake kilifika Kairo bila ufa.'"

Hamidi akainua uso, anatabasamu. "Umesifiwa, mzee. Na jina limeandikwa sawasawa."

Gaudensi akaweka chai chini.

"Mwanangu," alisema Kristiana, "tanuri lilizimwa siku gani?"

"Jumamosi, mama."

"Na huyo mtu alikuja lini?"

"Jumanne."

Kristiana akashukuru kwa chai, akasimama, akajifunga kanga vizuri. Akashika njia ya kurudi Milanzi, mume akamfuata. Kutoka pale kibandani hadi nyumbani ni mwendo wa saa mbili tu. Miaka yote alikuwa amemsamehe mtu kwa kosa ambalo si lake, na lile lililokuwa lake hakuwahi kuambiwa.

Walikuwa wamekwishapita nyumba za mwisho ndipo Gaudensi aliposema, nyuma yake.

"Nilijua atapona, mama Luciana. Watoto wanapata homa, wanapona. Nilitaka nimalize, nije na jambo kubwa mkononi."

Kristiana hakugeuka.

"Usiku ule alikuwa anakuita," alisema. "Nikamwambia anyamaze, baba yako yuko njiani, tanuri likizimika tu anakuja. Akanyamaza akawa anatazama mlango. Mpaka anakata roho, Gaudensi, alikuwa anautazama mlango, kwa sababu mimi nilimwambia."