Wajumbe wa Mafua ya Waceke

Wewe, umeshawahi kuona mafua yakimfungisha mtu godoro?

Waceke, mwenye kaduka hapa Langas, Eldoret, alipiga chafya tatu akipika chapati, na kabla ya ya nne wajumbe wa damu yake walikuwa wametoka sikioni. Ni wadogo kama punje za mahindi. Kazi yao ni kupasha habari ugonjwa ukiingia mwilini. Walipanda mpaka utosini, wakapiga kelele: "Wamekuja!"

Kichwa hakikuuliza nani. Kilituma neno kwa vile vitezi vinavyokalia figo kama kofia, navyo vikamwaga homoni ya wasiwasi. Moyo ukaenda mbio. Waceke akafunga godoro kwa kamba, akaweka sufuria juu, akaketi nje kungoja lori.

"Leo ni mafua ama ni kura?" jirani yake Benta akauliza.

"Ni mafua."

"Basi wacha nigeuze chapati, zisiungue."

Ilikuwa hivyo tangu Waceke arudi mwaka wa 2008 kutoka kambi ya wakimbizi ya Showground, alikopelekwa kwa lori wakati wa vurugu za uchaguzi, akakuta nyumba imesimama bila mlango. Mlango wenyewe, wa kijani, uko kwa Kiptoo, ng'ambo ya barabara. Kiptoo husema aliuokota. Waceke huziba pengo kwa mabati, na kwa miaka tisa amekuwa akimwambia Kiptoo mlango wake unapendeza.

Waceke alipofika kliniki, Nesi Adongo aliwaketisha wajumbe mezani, akawapa chai kwa kifuniko cha soda.

"Hiyo homoni ya wasiwasi ikishamwagika, huwa pia inawaambia nyinyi wajumbe mtulie," akasema. "Mbona nyinyi hamtulii?"

"Inatuambia, dada," mkubwa wao akajibu, akipuliza chai. "Lakini tutulie aje na nyumba haina mlango?"

Nesi akaandika hivyo kwa kadi.

Jumapili, baada ya kanisa, Waceke alivuka barabara, wajumbe nyuma yake kwa mstari. Kiptoo aliwakaribisha wote, akawapa kiti kimoja, akaanza habari za mahindi na mvua. Mlango haujatoka kwake mpaka leo, na Waceke akishikwa na mafua bado hufunga godoro. Lakini siku hiyo wajumbe walitulia kidogo, naye Waceke akaweka chini kikombe cha mursik, yale maziwa ya mgando ya Kiptoo, akapangusa midomo.

"Baba Cheptoo, huu mlango ni wangu," akamwambia Kiptoo. "Nautaka."