Mhojiwa Asiyepita Mlangoni

Purity Kagwiria aliweka kiti chake karibu na mlango wa maktaba, kando ya rafu ambapo wanafunzi huacha mabegi, na kila mtu wa kumi aliyeingia alimpa fomu na kalamu. Fomu iliuliza kama wahudumu wana adabu, kama vitabu hupatikana, kama viti vinakalika na kama taa zinawaka. Mhojiwa alitakiwa kuchagua namba, kuanzia moja, yaani sijaridhika kabisa, hadi tano, yaani nimeridhika sana. Mwishoni kulikuwa na mistari mitupu ya maoni. Chuo kilikuwa kikitafuta cheti cha ubora wa huduma, na cheti hicho hakitolewi kabla ya wateja kuulizwa. Wanafunzi siku hizi huitwa wateja. Kama wanalipenda jina hilo haijulikani, maana fomu haikuuliza.

Wateja walipokea fomu, wakazungushia tano, tano, tano wakiwa wamesimama, wakaingia zao. Purity hakuwalaumu. Alisomea chuo hicho hicho, na alijua kwamba mwalimu huujua mwandiko wa mwanafunzi kama mama anavyokijua kikohozi cha mwanawe. Mtu ana mtihani mwezi ujao, aandike ubaya wa nini?

Ndani, kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha linalotazama upande wa uwanja wa Kinoru, alikaa Lennox Kailemia, mwanafunzi wa kilimo wa mwaka wa nne. Alikuwa akingoja kitabu. Kilikuwa kitabu cha udongo wa nyanda za juu, maktaba ilikuwa na nakala moja tu, na nakala hiyo ilikuwa kwa Dkt. Kiambi, mkuu wa idara. Wahadhiri hawapangiwi tarehe ya kurudisha. Dkt. Kiambi huyo huyo ndiye aliyesimamia utafiti wa Kailemia, na mara mbili alikuwa amemrudishia kazi yake, akimweleza kwa upole kwamba hawezi kupitisha utafiti wa udongo ambao haukutaja kitabu kile. Kailemia alimwomba amwazime. Daktari alisema bado anakitumia. Aende maktaba akae, kitarudi.

Basi akakaa. Wahenga husema subira huvuta heri, lakini ya Kailemia ilivuta mizizi. Kwanza alivua viatu kwa sababu vilimbana. Baadaye vidole vya miguu vikapenya kati ya vigae vikashika udongo wa chini, na mama anayefagia akamwambia asisumbuke kuinua miguu, yeye atauzungusha ufagio. Gome likapanda hadi magotini. Mabegani yakachipuka majani, kila jani likiwa limegawanyika mara tano kama vidole vya mkono, na kila mtu wa Meru aliyepita alitambua kwamba ule ni muuru, mti ambao mbao zake ndizo zilizochongwa meza zote za maktaba ile. Wanafunzi walipenda kusomea upande wake, kwani jua la alasiri lilikuwa kali na yeye alikuwa na kivuli. Karani wa stoo, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila kitu kisichohama kina namba, alikuja na kopo la rangi nyeupe akamwandikia namba ya mali ya chuo, chini kidogo ya goti. Kailemia alimshukuru. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na pengine hilo nalo lilimponza.

Kulalamika alikuwa amelalamika. Aliandika barua, na barua zinazohusu vitabu hupelekwa kwa mkuu wa idara husika, ambaye ni Dkt. Kiambi. Kesi ya nyani ikawa imefika kwa ngedere. Njia iliyobaki ilikuwa moja. Kamati ya ubora ilikuwa na watu kutoka nje ya chuo, wasiomwogopa mtu hapo, na walisoma kila neno lililoandikwa kwenye mistari ya maoni. Wakikuta mteja amelalamikia kitabu kilichozuiliwa, walikiitisha siku hiyo hiyo, awe amekishika nani. Lalamiko moja lilitosha. Kazi za mwaka wa nne zilikuwa zikipokelewa mpaka mwisho wa mwezi, na asiyewasilisha hahitimu. Mama yake Kailemia, Igoki wa Kangeta, alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwaka huu ni mwaka wa mwanawe kuhitimu.

"Si unipe moja tu, Madam," Kailemia alimwambia Purity alipomletea maji. "Mimi siogopi mwandiko yangu ijulikane. Watanifukuza niende wapi?"

Purity alimweleza jinsi utafiti unavyofanywa. Fomu hupewa kila mtu wa kumi anayepita mlangoni. Mtafiti akianza kuzunguka ndani akichagua watu anaotaka wazungumze, huo ni upendeleo, na upendeleo huharibu hata majibu ya wengine wote. Alipokuwa akisema hayo aliona aibu, lakini ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi aliyoitia sahihi.

"Sasa mimi ambaye sitoki," Kailemia aliuliza, "nitaingia aje?"

Purity alimmiminia maji miguuni, kwenye pengo la vigae, akaenda kumwona Bi. Felicitas, mkutubi mkuu.

Bi. Felicitas alikuwa mtu mwema na hakupenda makuu. Alikubali kwamba jambo hilo linasikitisha. Aliiandikia ofisi ya ubora, nayo ikataka kwanza kujua kama mhusika ni mteja au ni mali, kwa kuwa alikuwa na namba. Hilo lilijadiliwa. Siku zilienda, na gome likapita kiunoni. Jibu lilifika Ijumaa mchana: apewe fomu moja, aijaze kwa mkono wake mwenyewe, na fomu ipigwe muhuri kabla hajapewa. Mwenye muhuri alikuwa ameenda matanga mjini Maua. Angerudi Jumatatu.

Purity alikimbia kumpa habari. Kailemia alicheka, na majani yake yakatikisika. Vidole vyake vilikuwa bado vidole, ingawa kucha zilikuwa zimeanza kuwa za kijani. Alivikunja na kuvikunjua, akamwomba amtafutie kalamu nzuri, isiyokwaruza.

Jumamosi Igoki alikuja kama alivyokuja kila Jumamosi, na uji katika chupa ya chai. Safari hii alikuwa pia na gunia. Wiki iliyopita alikuwa ameona majani ya mwanawe yakiingia umanjano pembeni, na tangu aondoke hakuwa amelala vizuri. Igoki alikuwa amelea kahawa, miraa, migomba na watoto katika shamba lenye mteremko mkali, na hakuna mmea uliowahi kumfia mkononi. Kwao huwezi kuona jani limenyauka ukapita ukisema pole. Unainama, unafanya kitu.

Askari wa mlangoni alikataa gunia, maana mizigo hairuhusiwi ndani. Purity, aliyekuwa zamu, akamfungulia mlango wa nyuma. Ndani ya gunia mlikuwa na mbolea ya mbuzi, iliyokaa msimu mzima chini ya majani ya ndizi na kuchekechwa mpaka ikawa laini kama majani ya chai. Wanawake hao wawili waling'oa vigae vilivyolegea, wakaipalilia mizizi kwa mikono, wakatandaza mbolea, wakamwagia maji. Igoki alizungumza na mwanawe kwa Kimeru muda wote, habari za nyumbani, mbuzi aliyezaa pacha, kwaya iliyoshona sare kwa ajili ya siku yake. Kailemia alijibu polepole. Alisema anasikia joto zuri miguuni.

"Ya ng'ombe ni kali, ingemchoma," Igoki alimwambia Purity wakinawa mikono. "Hii ya mbuzi inaenda pole pole lakini inafika. Jumatatu utamwona, mwari wakwa. Atakuwa na nguvu."

Kuitwa binti kulimfurahisha Purity. Alirudi nyumbani na udongo kwenye kucha, akiwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu aanze kazi ile.

Jumatatu alipata fomu yenye muhuri, akaipeleka ndani mbio mbio. Kailemia alikuwa na nguvu. Matawi yalikuwa yamefika darini na kupinda kuelekea dirishani. Hapakuwa na hata jani moja la manjano. Mikono ilikuwa imenyooka ikawa matawi, na kila kidole kilikuwa kijiti chenye majani mapya yanayong'aa. Uso ulikuwa umeingia ndani ya gome, kama mtu aliyejifunika blanketi asubuhi ya baridi. Wanafunzi wa kilimo waliokuwa wakipita walisema hawajawahi kuona muuru uliokubali mahali namna ile.

Purity aliita jina lake. Kisha akafunga kalamu kwa uzi kwenye kijiti cha chini kabisa, akaweka fomu juu ya kitabu kikubwa, akafungua dirisha. Upepo ukaja. Kalamu ilichora mstari uliopita nje ya visanduku vyote na kushuka hadi ukingoni. Alingoja tena, na tena, mpaka kengele ya kufunga ikalia.

Hapo ndipo alipolia. Baada ya kulia alifungua ukurasa wa maoni, akaandika neno moja, "Kitabu," akaona kwamba mwandiko ni wake, ule ule ulioandika tarehe juu ya kila fomu ambayo kamati ingeisoma. Akalifuta. Mkataba wake ulikuwa wa muda, na majina ya wanaoongezewa hupitishwa na wakuu wa idara. Aliogopa. Tusimtafutie sababu nyingine.

Kesho yake alienda mwenyewe kwa Dkt. Kiambi. Alipokewa vizuri, akapewa kiti na chai. Kitabu kilikuwa mezani, karibu na kiwiko cha daktari, kimefunikwa kwa karatasi ya kaki ili kisichakae. Daktari alisikiliza yote bila kumkata kauli. Alisema bado anakitumia. Kisha akauliza hali ya Kailemia, na ilionekana kweli anamjali.

"Mwambie asivunjike moyo," alisema. "Ni kijana mvumilivu sana. Wengi wa siku hizi hawajui kungoja."

Purity aliipeleka fomu ofisi ya ubora pamoja na zile nyingine. Swali la mhojiwa ambaye hakujibu lina utaratibu wake: nafasi iliyo tupu hujazwa kwa wastani wa majibu ya wenzake. Wastani wa wenzake ulikaribia tano. Kwa hiyo ilibainika kwamba Lennox Kailemia ameridhika sana na adabu ya wahudumu, ameridhika sana na taa, ameridhika sana na viti, na kuhusu upatikanaji wa vitabu hana la kulalamikia. Maoni hakuacha. Mwisho wa mwezi ulifika, idara ikafunga kupokea kazi, na jina lake halikuwamo miongoni mwa wanaohitimu.

Cheti kilikuja kabla ya mvua. Kilikuwa kikubwa, cha Kiingereza, chenye muhuri wa dhahabu na utepe mwekundu, na kiliwekwa kwenye fremu ya kioo. Wafanyakazi walikusanyika maktabani kwa sherehe fupi, soda na mandazi, na Dkt. Kiambi akaombwa kusema machache kwa niaba ya wakuu wa idara. Ilipofika wakati wa kutundika, ukuta ulikataa. Ulikuwa wa saruji, na kila msumari ulipinda. Watu walianza kutazamana. Bi. Felicitas, ambaye hakupenda sherehe iharibike, aliangaza macho huku na huko akitafuta mbao, akaiona iliyokuwa karibu. Alichungulia namba nyeupe chini, akaridhika kwamba ni mali ya chuo.

Alimwomba Purity ashike fremu isiegemee upande mmoja. Purity akashika. Askari wa mlangoni akapiga msumari kwenye shina, usawa wa kifua, na uliingia bila taabu. Maji membamba yakatoka pale, yakashuka polepole hadi kwenye namba. Watu walipiga makofi, na chupa za soda zikafunguliwa.

Jumamosi Igoki alikuja, bila gunia. Alisimama mbele ya mwanawe akamtazama kuanzia chini, kwa namna mkulima anavyotazama: mizizi, shina, matawi. Macho yake yakasimama kwenye fremu. Alisoma pale alipoweza, na hapakuwa na pengi, akaugusa utepe mwekundu juu ya kioo kwa ncha ya kidole.

"Hii ndio ile cheti yake?" aliuliza.

Purity alitazama pengo la vigae ambalo walilifunika pamoja kwa mikono.

"Ndio, mama," alisema.

Igoki hakupiga vigelegele, kwa kuwa watu walikuwa wakisoma. Alifungua kitambaa cha kichwani, akapangusa kioo, akapangusa na yale maji yaliyokuwa yakishuka chini yake, mpaka shina likakauka. Kisha akampa Purity simu ampige picha akiwa amesimama kando ya mwanawe, na aitume kwenye kundi la kanisa la Kangeta, maana yeye mwenyewe hakuwa na miwani. Purity alipiga picha na kuituma. Pongezi zilianza kuingia papo hapo, na Igoki akamwomba amsomee moja moja, kwa sauti ya chini. Purity alizisoma zote.

Baadaye Igoki alikaa juu ya mzizi mkubwa, akamimina uji katika vikombe viwili, kama kila Jumamosi. Purity alirudi mlangoni. Cheti ni cha mwaka mmoja tu, na fomu mpya zilikuwa zimeshafika. Aliweka kiti chake kando ya rafu ya mabegi, akaanza kuhesabu wanaoingia.