Mpira Uliorudi kwa Tibbs

Asubuhi ya mwisho ya mazoezi ya besiboli kule Florida, kocha Prudhomme alikuwa amebakiwa na nafasi moja ya mrushaji katika timu yake ya daraja la chini. Mrushaji Quintanilla, aliyekuwa akijaribiwa, akiikosa, jioni angepanda basi kurudi kwao Laredo.

"Mashine inamkataa," alisema Gentry, msaidizi wa kocha, akikodolea macho kipima kasi cha mpira. "Mpira wake unakwenda kama umetumwa dukani."

"Weka chini hiyo mashine, bwana," alisema Prudhomme.

Quintanilla akarusha, na mpigaji akagonga mpira mwepesi kuelekea kwa Tibbs, mdakaji wa timu yake, ukamponyoka mikononi. Wenzake wakamzomea. Quintanilla hakumtupia hata jicho baya. Alivuta kofia yake, akarusha mpira wa chini, wenye kupinda, ambao mpigaji aliyefuata hakuwa na pa kuupeleka ila kwa Tibbs yuleyule. Safari hii Tibbs aliunasa, akamtoa mkimbiaji mchezoni, akacheka peke yake.

"Bahati tu," alisema Gentry.

Prudhomme alipaza sauti. "Quintanilla, umekusudia mpira uende kwa Tibbs?"

"Nimekusudia, Kocha. Angekosa usingizi leo kwa lile kosa."

Prudhomme aliandika jina lake kwenye nafasi ile ya mwisho.

"Basi nenda kachukue jezi yako."